Kutafuta nyota changa katika nebula ya Carina kwa picha za James Webb: mwongozo kamili kwa aliyeko Lubumbashi

Mchoma makala (makaa) hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huwasha kwa ndani. Ukisimama kando ya tanuru lake porini huoni moto. Unaona kichuguu cha udongo na moshi kidogo, lakini ukinyoosha mkono joto linakueleza kwamba mle ndani kunawaka. Nyota changa nazo ni hivyo. Huanza ndani ya wingu zito la gesi na vumbi lenye baridi ya takribani kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri ya kipimajoto chetu, na kwa miaka laki kadhaa ya mwanzo hubaki zimefunikwa. Mwanga wa macho hautoki. Joto linatoka.

Kwa hiyo picha moja nzuri ya nebula, yaani wingu kama hilo, hata iwe ya rangi gani, haikuonyeshi nyota ipi imezaliwa juzi. Inayokuonyesha ni kulinganisha mahali pamoja katika urefu wa mawimbi tofauti: hapa doa halipo, pale limefifia, kule linang'aa. Kazi hiyo haihitaji darubini yako mwenyewe. Picha asilia za darubini za angani ziko wazi kwa mtu yeyote, bila malipo, na mwanafunzi wa Lubumbashi anapata faili lile lile analopata profesa wa Marekani. Linalobaki ni kujua lipi la kuchukua, namna ya kulichukua bila kumaliza forfe (kifurushi cha intaneti) ya mwezi mzima, na namna ya kutodanganyika.

Kwa nini infraredi, kwa hesabu

Angalia makala kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Yakishika vizuri yanakuwa mekundu yanayoelekea manjano. Yakipoa yanakuwa mekundu mazito, kisha meusi, ingawa bado yanakuunguza. Kitu chochote chenye joto hutoa mwanga, na kadiri kinavyopoa ndivyo mwanga huo unavyohamia kwenye mawimbi marefu zaidi, hadi infraredi, mwanga wa joto ambao macho hayauoni. Kanuni ya Wien inakupa kilele: gawa 2898 kwa halijoto ya kelvini, unapata urefu wa wimbi kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita). Jua, lenye kelvini 5800 hivi, lina kilele kwenye mikroni 0.5, ambayo macho yanaiona. Vumbi la kelvini 1000 lililo karibu kabisa na nyota changa lina kilele kwenye mikroni 2.9. Vumbi la kelvini 150 lililo mbali kidogo, mikroni 19.

Sababu ya pili ni vumbi lenyewe. Chukua pazia la vumbi linalopunguza mwanga wa macho mara 10,000. Pazia hilo hilo, kwenye mikroni 2.2, linapunguza mwanga mara tatu tu au pungufu. Chembe za vumbi ni ndogo kuliko mawimbi marefu, na mawimbi hayo hupita.

Hapo ndipo tofauti ya darubini za angani Hubble na James Webb ilipo. Hubble, iliyorushwa tarehe 24 Aprili 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4, huona zaidi mwanga wa macho na kipande kidogo cha infraredi. James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, ina kioo cha mita 6.5 kilichoungwa kwa vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, na iko umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya kinga inayoizuia joto la Jua. Kamera yake ya NIRCam hufanya kazi kati ya mikroni 0.6 na 5, na MIRI kati ya 5 na 28. Usiidharau Hubble kwa hilo. Utaihitaji mwishoni, kupima mwendo.

Eneo la kuanzia

Anza na ukingo wa NGC 3324, ule ulioitwa Majabali ya Anga katika picha za kwanza za James Webb, Julai 12, 2022. Uko kwenye nebula ya Carina, umbali wa takribani miaka ya nuru 7,600. Tunauchagua kwa sababu tatu. Data yake ni ya wazi tangu siku ya kwanza. Ilipigwa kwa filta sita za NIRCam na nne za MIRI, kwa hiyo ulinganisho ni mpana. Na nebula yenyewe unaweza kuiona kwa macho ukiwa Katanga, jambo ambalo mtu wa Paris au Brussels hawezi kulifanya akiwa kwake, kwani kwao haichomozi kamwe.

Filta za NIRCam zilizotumika ni F090W, F187N, F200W, F335M, F444W na F470N. Namba ni urefu wa wimbi kwa mikroni ukirudisha nukta: F090W ni 0.90, F470N ni 4.70. Herufi ya mwisho ni upana: W ni pana, M ya kati, N nyembamba. Za MIRI ni F770W, F1130W, F1280W na F1800W, yaani mikroni 7.7, 11.3, 12.8 na 18. Kila moja ina kazi yake:

F090W karibu haipenyi vumbi. Inaonyesha uso wa wingu na nyota zilizo mbele yake. F187N hukamata haidrojeni iliyoionishwa (iliyopokonywa elektroni) na mwanga mkali wa nyota kubwa. F200W hupenya kiasi. F335M hukamata molekuli za kaboni zinazong'aa kwenye ngozi ya wingu. F444W hupenya vizuri na kuona vumbi lenye joto. F470N, ambayo wengi huiruka kwa kuwa haipendezi ikitazamwa peke yake, ndiyo hazina: hukamata haidrojeni ya molekuli iliyogongwa na michirizi ya gesi inayorushwa na nyota zinazozaliwa.

Vifaa

Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha. Ya 4 itafanya kazi ukikata vipande vidogo. Programu zote ni za bure: SAOImage DS9 kwa kutazama, TOPCAT kwa majedwali (inahitaji Java), na Python yenye astropy, photutils na reproject kwa vipimo. Akaunti ya Google inakupa Colab, yaani kuendesha Python kwenye mashine za Google, nayo kwa Lubumbashi ina thamani kuliko kompyuta mpya. Sababu inafuata.

Kupata data bila kuteketeza forfe

Hazina ya data inaitwa MAST, inatunzwa na taasisi ya Space Telescope Science Institute kule Baltimore. Fungua mast.stsci.edu, ingia kwenye lango la utafutaji, chagua utafutaji wa kina, kisha jaza: chombo JWST, namba ya mradi 2731, kiwango cha usindikaji 3. Kwa data ya wazi huhitaji kujisajili.

Orodha itakayotokea itakutisha, kwa kuwa kila picha moja ina watoto wengi. Majina yanayoishia na uncal ni ghafi kabisa, rate na cal ni hatua za kati. Unayoitaka inaishia na i2d: ndiyo picha iliyounganishwa, kusafishwa na kupewa vipimo vya anga. Jina lake linaanza na jw02731-o001, likafuatiwa na nircam na jina la filta, mfano clear-f090w. Ukitafuta F470N usishangae kukuta f444w-f470n: filta hiyo nyembamba hutumika pamoja na F444W inayozuia mwanga mwingine, na jina linabeba zote mbili. Wapo wanaopakua faili hilo wakidhani ni F444W ya kawaida, kisha hawaelewi kwa nini nyota zimefifia.

Sasa ukubwa. Mawimbi mafupi (F090W, F187N, F200W) yana pikseli za sekunde ya pembe (1/3600 ya digrii) 0.031, na marefu 0.063. Upande ukigawanywa mara mbili, idadi ya pikseli inakuwa mara nne. Tena ndani ya kila i2d mna picha yenyewe, makadirio ya makosa, uzito na mengineyo, karibu tabaka saba zenye ukubwa mmoja. Ndiyo maana faili moja la mawimbi mafupi la eneo hili ni gigabaiti kadhaa, na la mawimbi marefu ni kama robo yake. Kulipakua kwa simu ukiwa mitaa yetu ya Kenya au Katuba, huku umeme unakatika jioni, ni kutafuta kukata tamaa.

Ziko njia tatu. Fuata mpangilio huu.

Ya kwanza ni jedwali la cat.ecsv. Kando ya kila i2d pana faili dogo lenye jina linaloishia hivyo. Lina orodha ya madoa yote ambayo mfumo uliyaona, mahali pake angani na mwangaza wake kwa janski, kizio cha mwangaza. Linaingia hata kwenye forfe ya siku moja, na kazi kubwa ya mwanzo unaweza kuifanya kwa majedwali peke yake.

Ya pili ni Colab. Unapoagiza faili ndani ya Colab, linashuka kwenye mashine ya Google iliyoko kwao, si kwenye simu yako. Wewe unalipia tu ukurasa na picha ndogo unazorudishiwa. Angalia mambo mawili: kikao kikikatika vyote vilivyo kwenye mashine hiyo vinafutika, basi hifadhi matokeo kwenye Drive kila unapomaliza hatua, na RAM ya bure ni takribani gigabaiti 12, kwa hiyo fungua tabaka la SCI (picha yenyewe) peke yake, usifungue faili zima la mawimbi mafupi mara tatu kwa pamoja.

Ya tatu ni kukata kipande. Astropy, kuanzia toleo la 5.2, inaweza kusoma sehemu ya faili ikiwa bado kwenye seva. Sakinisha astropy, fsspec na aiohttp, fungua anwani ya faili kwa fits.open ukiweka use_fsspec kuwa True, kisha soma eneo unalotaka kwa .section badala ya .data. Kipande cha pikseli 1000 kwa 1000 ni megabaiti 4. Ukijumlisha ziada ya usomaji, makumi ya megabaiti. Ukisahau na kuandika .data, tabaka zima litaanza kushuka. Kosa hilo la neno moja limekula forfe nyingi.

Ukilazimika kupakua faili zima kwenye kompyuta yako, tumia curl yenye -C - ili umeme ukirudi iendelee ilipoishia, wala usitumie kivinjari.

Kutazama kwa DS9

Fungua F090W, F200W na F444W katika fremu tatu. Picha itaonekana nyeusi tupu yenye nukta chache. Haijaharibika. Nyota angavu zina mwanga mara maelfu kuliko ukungu wa nebula, na mizani ya mstari ulionyooka huwapa nyota nafasi yote. Badili mizani iwe asinh, na mipaka iwe zscale. Kama bado ni giza, weka mipaka kwa mkono kuanzia asilimia 1 ya chini hadi asilimia 99.5 ya juu.

Kisha funga fremu zote kwa WCS, yaani kwa mahali pa anga, si kwa pikseli. Ukizifunga kwa pikseli hazitalingana, kwa kuwa pikseli za F444W ni kubwa mara mbili. Sasa washa upepesaji wa fremu, sekunde moja kila moja, na ukae nayo. Huna sababu ya kuharakisha hapa. Pita ukingo mzima wa wingu, hasa kwenye ncha za minara ya vumbi na chini kidogo ya uso, ambako mwanga wa nyota kubwa zilizo juu unalikandamiza wingu. Unatafuta doa ambalo halipo kabisa kwenye F090W, limefifia kwenye F200W, na linawaka kwenye F444W. Andika RA na Dec (namba za mahali pake angani) ya kila doa la namna hiyo, usiache hata unalolitilia shaka. Saa mbili za upepesaji zitakufundisha kuliko wiki ya kusoma.

Jua pia unachokitazama kina ukubwa gani. Kwa umbali huu sekunde moja ya pembe ni kama mara 2,330 ya umbali wa Dunia na Jua. Pikseli moja ya F444W ina upana wa karibu mara 147 ya umbali huo, na mzunguko mzima wa Neptuni ni mara 60 tu. Maana yake, sahani ya vumbi inayozaa sayari haitaonekana hapa hata ukuze picha vipi. Anayekuonyesha sahani katika Carina anakuonyesha kitu kingine. Kwa sahani nenda Orion, ambayo iko miaka ya nuru 1,300 hivi.

Kupima: je, kweli ni changa?

Doa jekundu ni mtuhumiwa tu. Nyota kongwe iliyo nyuma ya wingu nayo inakuwa nyekundu, kwa kuwa vumbi limemeza mwanga wake mfupi. Galaksi ya mbali inakuwa nyekundu. Na Carina iko ndani ya Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa anga la usiku, wenye nyota za nyuma tele.

Kipimo kinachotumika tangu miaka ya 1980 ni mteremko wa mwanga kati ya mikroni 2 na 20 hivi, unaoandikwa kwa alfa. Unaupata hivi: chukua mwangaza kwa janski katika mawimbi mawili, gawa kila mmoja kwa urefu wa wimbi lake, tafuta uwiano wa refu kwa fupi, chukua logi yake, kisha gawa kwa logi ya uwiano wa mawimbi yenyewe. Alfa ya 0.3 au zaidi ni daraja la I, nyota ambayo bado imefunikwa na inakula wingu lake. Kati ya −0.3 na 0.3 ni ya bapa, iko njiani. Kati ya −1.6 na −0.3 ni daraja la II, wingu limeondoka na sahani imebaki. Chini ya hapo ni daraja la III, sahani nayo imekwisha. Daraja la 0, changa kuliko zote, mara nyingi halionekani hata hapa. Hujulikana kwa mawimbi marefu zaidi na kwa michirizi yake.

Fanya mfano kwa namba za kujifunzia. Doa lina milijanski 1 kwenye mikroni 2.0 na milijanski 4 kwenye 4.44. Ukigawa: 0.5 na 0.90. Uwiano 1.8, logi yake 0.255. Logi ya 4.44 kwa 2.0 ni 0.346. Alfa ni 0.74: daraja la I, na moyo unafurahi. Sasa ongeza MIRI: kwenye mikroni 18 doa lile lile lina milijanski 9. Tisa kwa 18 ni 0.5, uwiano na 0.5 ya mikroni 2 ni 1, logi ni sifuri, alfa ni sifuri. Limeshuka hadi bapa. Vumbi la mbele lilikuwa limekandamiza mikroni 2 na kuufanya mteremko mfupi uonekane mkali. Ndiyo maana hatupendekezi kutangaza daraja kwa NIRCam peke yake. Ikiwa doa limo ndani ya picha ya MIRI, lipime huko.

Kwa mwangaza wenyewe, anza na safu ya aper_total_flux katika cat.ecsv. Unganisha jedwali la filta moja na jingine kwa TOPCAT, ukiruhusu tofauti ya mahali ya sekunde ya pembe 0.1 hadi 0.15, si zaidi. Jihadhari: mfumo unaotafuta nyota haujui kuwa uko ndani ya nebula, na kila fundo la gesi umelihesabu kama nyota. Kagua safu ya is_extended, kisha rudi DS9 na utazame kila mtuhumiwa kwa macho. Hakuna njia ya mkato hapa.

Ukipima mwenyewe kwa photutils, kumbuka kwamba i2d iko katika MJy/sr, yaani megajanski kwa kizio cha eneo la anga. Jumla ya pikseli ndani ya duara izidishe kwa PIXAR_SR iliyoko kwenye kichwa cha faili, kisha kwa milioni moja, upate janski. Kutoa mwanga wa nebula, chukua wastani wa katikati wa pete inayozunguka doa. Wastani wa kawaida utavutwa na nyuzi za gesi. Na duara lilingane na ukungu wa darubini: nyota kwenye F200W ina upana wa sekunde ya pembe 0.06 hivi, kwenye F444W 0.14, kwenye F1800W karibu 0.6. Nyota mbili ulizoziona zimeachana vizuri kwa NIRCam zinaweza kuwa doa moja kwa MIRI, na ukampa mmoja mwanga wa wote wawili.

Jambo dogo linalowaumiza wengi huku kwetu: kompyuta zetu nyingi zimewekwa Kifaransa, ambapo desimali ni mkato. Jedwali la Python lenye 0.063 likifunguliwa kwenye Excel ya namna hiyo linageuka maandishi, au tarehe, bila kukuonya. Hifadhi kwa nukta-mkato kama kitenganishi na mkato kama desimali, au fanya hesabu zote ndani ya Python na uachane na Excel.

Michirizi

Ushahidi ulio mzito kuliko rangi ni mchirizi. Nyota inayokula wingu hurusha sehemu ya gesi kupitia ncha zake mbili kwa kasi ya takribani kilomita 100 kwa sekunde, na gesi hiyo ikigonga wingu, haidrojeni ya molekuli hung'aa kwenye mikroni 4.69. Nyota kongwe ya kawaida haifanyi hivyo.

Chukua F470N na F444W. Zilinganishe kwanza kwa reproject_interp ili pikseli zikae juu ya zenzake. Kisha chagua nyota 10 hadi 20 za kawaida, zisizojaa mwanga na zisizo kwenye gesi nzito, upime uwiano wa mwangaza wao katika filta hizi mbili. Kwa kuwa vipimo ni vya mwangaza kwa eneo, uwiano utakuwa karibu na 1; ukipata 0.3 au 4 kuna kosa, labda umefungua tabaka lisilo la SCI. Zidisha F444W kwa uwiano huo na uiondoe kwenye F470N. Nyota zitatoweka, nyingi zikiacha vivuli vidogo, na kinachobaki king'aacho ni haidrojeni iliyogongwa.

Tafuta umbo la upinde, mfano wa wimbi linalotangulia mtumbwi, na upinde wa pili upande wa pili. Chora mstari kati yao. Kama kwenye mstari huo kuna doa lako jekundu, unayo nyota changa. Kwa njia hii Megan Reiter na wenzake walitangaza mwaka 2022 michirizi kama dazeni mbili iliyokuwa haijulikani kabla, yote ndani ya picha hii hii unayoitazama. Kutoa huku si kamilifu, kwa kuwa F444W nayo ina haidrojeni kidogo ndani yake, basi mchirizi dhaifu unaweza kufifia. Tazama pia F470N kabla ya kutoa.

Umri unaukadiria kwa urefu. Mchirizi wa sekunde za pembe 10 ni mara 23,300 ya umbali wa Dunia na Jua. Kilomita 100 kwa sekunde ni mara 21 ya umbali huo kwa mwaka. Gawa: miaka 1,100 hivi tangu gesi ile iliporushwa. Kama mchirizi umeelekea upande wetu, urefu halisi ni mkubwa zaidi, na umri pia. Na hapa Hubble inarudi kazini: ilipiga eneo hili miaka 16 kabla ya James Webb. Kwa kasi hiyo fundo la gesi limesogea sekunde ya pembe 0.14, sawa na pikseli nne na nusu za mawimbi mafupi. Unaweza kuliona likihama, mradi umelinganisha picha mbili kwa kutumia nyota nyingi za mbali na si nyota moja.

Yanayodanganya macho

Miiba ya nyota angavu huwadanganya wanaoanza kuliko kitu kingine. James Webb hutoa miiba sita mikubwa na miwili midogo ya mlalo, kutokana na umbo la kioo na nguzo zake. Mchirizi wa kweli haulingani na mwelekeo wa miiba ya nyota nyingine, mwiba unalingana. Tumia hilo kila mara.

Shimo jeusi katikati ya nyota angavu ni pikseli zilizojaa kupita kiasi, na mwangaza wake kwenye jedwali hauna maana. Mistari myembamba ya mlalo inatoka kwenye vifaa vya kusoma kamera. Ukungu wenye umbo la moshi uliopinda, unaoonekana kwenye filta moja fupi tu, ni mwanga uliopotea njia ndani ya darubini. Kitu cha kweli hakiishi katika filta moja pana na kukosekana katika jirani zake zote.

Mwisho wa jedwali lako, andika kutoka kwenye kichwa cha faili CAL_VER na CRDS_CTX, yaani toleo la programu ya usindikaji na la faili zake za rejea. MAST husindika upya data mara kwa mara, na mwenzako akipata namba tofauti na zako mwezi ujao, hizo mbili ndizo zitakazoeleza kwa nini.

Kuiona Carina kutoka Lubumbashi

Mvua ikikoma na kabla moto wa pori haujaanza kujaza moshi, mwishoni mwa Aprili hadi Mei, anga letu linakuwa safi. Karibu na tarehe 20 Aprili nebula iko juu kabisa ya upande wa kusini saa tatu usiku. Katikati ya Mei, saa moja na nusu hivi. Chagua siku isiyo na mwezi na toka nje ya taa za mji, kwenye shamba la mtu mnayemfahamu, mkiwa kundi.

Tazama kusini, tafuta Msalaba wa Kusini. Nyoosha mkono: ngumi moja ni kama digrii 10. Nebula iko ngumi moja na kidogo kulia mwa Msalaba, na ngumi nne hivi juu ya upeo. Yape macho dakika 20 ya giza, bila simu. Itaonekana kama pamba ndogo iliyong'aa ndani ya Njia ya Maziwa. Kwa darubini ya mikono ya 7×50 au 10×50, weka ukungu huo katikati, kisha sogea digrii moja na nusu juu na kulia. Hapo ndipo NGC 3324 ilipo. Ukingo wenyewe hautauona, wala doa lolote uliloliandika kwenye jedwali. Lakini eneo zima la picha ya NIRCam linaingia ndani ya mduara huo wa lenzi mara nyingi, na madoa yako yote yamo humo.